Amri ya Nani? Vita vya Wazungu Vilivyopita Majita na Ikoma

Saa moja asubuhi, mwalo wa Mwigobero, Musoma. Mtumbwi wa Kinesi umeshajaa: akina mama na ndoo zao, mwanafunzi na sanduku lake la bati, kuku wanne waliofungwa miguu, pikipiki iliyolazwa ubavu juu ya magunia ya mahindi. Nahodha, kijana wa miaka kama thelathini, ameketi nyuma, kiganja juu ya injini. Mwenye chombo amesimama ndani ya maji mpaka magotini, anataka mifuko sita ya saruji iongezwe.

"Iweke mbele hiyo," anamwambia mpakizi.

"Mzee, mbele pamejaa. Ukitaka iende, panda wewe uendeshe," nahodha anajibu, wala hapandishi sauti.

Abiria wananyamaza. Mzee anautazama mtumbwi. Ukingo wake umebaki shubiri moja tu juu ya maji. Anawatazama na wale akina mama, halafu anageuka na kumwambia mpakizi airudishe mifuko kivulini. Injini inanguruma, wanaondoka.

Mimi nilikuwa nimefika pale kwa shughuli nyingine kabisa, kuulizia chombo cha kunipeleka upande wa Majita, nikauone ufuko ambako meli ya kivita ya Waingereza ilikwama mwaka 1914. Lakini maneno ya yule kijana hayakuniacha siku nzima. Vita nilivyokuwa nikivifuatilia, vya Wajerumani na Waingereza kuzunguka Ziwa Victoria, vilijaa wakubwa waliogombana juu ya jambo hilohilo: amri ni ya nani, ya mwenye chombo au ya anayeshika usukani? Ila waliopakiwa humo hawakutazamwa hata mara moja kama yule mzee alivyowatazama abiria wa Kinesi.

Tuanze na hiyo meli. Mpaka wa Mjerumani na Mwingereza ulikuwa mstari uliochorwa Ulaya, ukakata nchi kavu kaskazini ya Shirati na kulipasua Ziwa kwenye nyuzi 1 kusini ya ikweta. Uliwakata Wajaluo, ukawakata Wakurya. Mjomba akabaki chini ya Kisumu, mpwa akawa chini ya Mwanza. Vita vilipotangazwa Agosti 1914, Waingereza walikuwa na meli kadhaa za Reli ya Uganda, zilizoletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu: Winifred, Sybil, Kavirondo, Nyanza na nyinginezo. Mjerumani alikuwa na tagi moja ya maana, iliyoitwa Muansa kwa jina la mji. Meli za abiria na pamba zikafungwa mizinga na kugeuzwa manowari.

Septemba mwaka huohuo Wajerumani wakavuka mpaka kutoka upande wetu huu. Kapteni Bock von Wülfingen aliingiza kikosi chake Kisii, na tarehe 12 wakapambana na askari wa King's African Rifles. Kamanda wa Waingereza, Kapteni Thorne, akauawa, na Wajerumani nao wakarudi nyuma na majeruhi wengi. Novemba ikawa zamu ya Sybil. Ilipasukia kwenye mwamba pwani ya Majita, wenyewe wakaiacha ikiwa imeegemea nchi kavu katika ardhi ya adui. Ilikaa hapo miezi, mpaka Mei 1915 Waingereza walipokuja na meli nyingine, wakaikongoa na kuivuta hadi Kisumu. Mvuvi wa Majita aliyeona chuma kile kimelala mbele ya nyavu zake kwa nusu mwaka hakuulizwa na upande wowote alichokiona. Ningetoa kingi kuisikia simulizi yake.

Ugomvi mkubwa kuliko wote wa amri, hata hivyo, haukuanzia Ziwani. Ulianzia Dar es Salaam, ofisini kwa gavana.

Kwa sheria ya makoloni ya Kijerumani, gavana ndiye aliyekuwa juu ya kila mtu, wanajeshi wakiwemo. Gavana huyo, tangu mwaka 1912, alikuwa Dk. Heinrich Schnee, mwanasheria, mtu wa mafaili. Januari 1914 aliletewa kamanda mpya wa Schutztruppe, jeshi la koloni: Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck. Kisheria Schnee alikuwa bosi wake, na miezi saba baadaye vita vikaingia, wawili hao wakiwa na mawazo yasiyoweza kukaa chumba kimoja.

Schnee hakutaka vita katika koloni. Alitegemea Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, uliotoa nafasi ya makoloni ya ukanda huu kubaki nje ya ugomvi wa Ulaya. Alifikiria mashamba ya mkonge, reli iliyokuwa imefika Kigoma mwaka uleule, na zaidi ya yote aliikumbuka Maji Maji. Ilikuwa haijapita miaka 10 tangu kusini kuwaka moto, na mtawala yeyote wa Kijerumani alijua kwamba Waafrika wakiwaona Wazungu wakiuana, hofu waliyopandikiziwa kwa kamba na risasi ingeanza kuyeyuka. Lettow-Vorbeck aliiona koloni kwa jicho lingine. Kwake haikuwa kitu cha kulindwa, ilikuwa chombo cha kutumiwa. Hesabu yake ilikuwa kwamba kila askari wa Uingereza atakayelazimika kuja kumwinda porini huku ni askari mmoja pungufu dhidi ya Ujerumani kule Ufaransa. Koloni ikiteketea katika kazi hiyo, na iteketee.

Nikisema ukweli wa moyo wangu, huwa nasita kumchagua yupi kati ya hawa wawili. Schnee hakuwa rafiki wa mtu mweusi. Alikuwa mkuu wa utawala uliochapa watu viboko kwa utaratibu maalumu, wenye hesabu yake na karatasi zake. Lakini katika ugomvi huu mmoja, karani yule ndiye aliyekuwa upande wa watu kubaki hai, hata kama sababu zake zilikuwa za bepari.

Tarehe 8 Agosti 1914 manowari HMS Astraea iliupiga mabomu mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Kukafanyika mapatano kwamba Dar es Salaam na Tanga itakuwa miji isiyopiganiwa. Lettow-Vorbeck hakuyatambua. Wiki moja baadaye watu wake waliikamata Taveta, ng'ambo ya mpaka. Gavana akabaki na sheria mkononi, kamanda akabaki na bunduki.

Kilele kilikuwa Tanga. Novemba 2, 1914, msafara wa meli ulitokeza ukiwa na wanajeshi kama 8,000, wengi wao kutoka India. Kapteni Caulfeild wa manowari HMS Fox akaingia bandarini kutoa taarifa kwamba mapatano yamefutwa, akamtaka mkuu wa wilaya, Auracher, ausalimishe mji. Fikiria nafasi ya mtumishi huyo wa serikali. Mkuu wake wa kazi hataki mji upiganiwe. Mkuu wa jeshi anataka. Mbele yake kuna mizinga. Auracher akaomba muda wa kushauriana, akateremka nchi kavu, akapeleka simu kwa Lettow-Vorbeck. Hakurudi tena. Katika saa zile chache mtu mmoja wa ngazi ya kati alikuwa ameamua amri ni ya nani. Lettow-Vorbeck akashusha vikosi kwa treni kutoka Moshi, akapigana na watu kama 1,000 tu, na kufikia Novemba 5 Waingereza wakawa wamerudi melini wakiacha bunduki na risasi nyingi ufukoni.

Kuanzia hapo gavana alikuwa gavana wa jina. Aliendelea kuandika barua za malalamiko, aliendelea kutajwa kwanza kwenye karatasi, lakini baada ya Tanga hakuna ofisa kijana wa Kijerumani aliyetaka kumsikiliza karani dhidi ya mshindi. Lililonishangaza zaidi ni habari ya Kurt Wahle. Huyu alikuwa Meja Jenerali mstaafu, aliyekuja mwaka 1914 kumtembelea mwanawe, vita vikamfungia njia ya kurudi. Kwa cheo alimzidi Lettow-Vorbeck kwa mbali. Akajiweka chini yake, akapokea kazi, baadaye akaongoza majeshi ya magharibi yaliyokuwa na makao Tabora. Jenerali akimtii luteni kanali, gavana akishindwa kutiiwa na luteni kanali huyohuyo.

Msomaji asidhani Waingereza walikuwa wamoja. Mwaka 1916 Ziwa lilipewa jeshi lake, chini ya Brigedia Jenerali Charles Crewe, mwanasiasa wa Afrika Kusini aliyewekwa na kamanda wao mkuu, Jenerali Smuts. Juni wakaichukua Ukerewe, Julai 14 wakaingia Mwanza. Upande wa magharibi walikuwa wanashuka Wabelgiji kutoka Kongo, wakiongozwa na Jenerali Tombeur, na Kanali Molitor akiwa na kikosi cha kaskazini kilichofika kona ya Ziwa. Adui mmoja, majeshi mawili, na hakuna aliyekuwa juu ya mwenzake. Kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza kuingia Tabora, kwa sababu baada ya vita kungekuwa na meza ya kugawana nchi. Wabelgiji walitangulia, Septemba 19, 1916. Watu wa Crewe walifika wamechelewa, na barua za kulaumiana zikaendelea.

Humo ndani mna jambo dogo linaloeleza mengi. Wabelgiji hawakuweza kusogea bila wapagazi, na Waingereza waliahidi kuwapatia maelfu kutoka Uganda. Majenerali wale walibishana kuhusu idadi, kuhusu tarehe, kuhusu nani amlishe nani. Mpagazi alihesabiwa kama risasi. Na ugomvi wa amri ulikuwa hivyohivyo hata kwenye Ziwa Tanganyika, ambako Kamanda Spicer-Simson wa Jeshi la Maji la Uingereza alikosana na Wabelgiji waliokuwa wenyeji wake, kila upande ukitaka kusema nani aongoze majini. Alikataa kuikabili meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Wajerumani walikuja kuizamisha wenyewe walipokimbia. Baadaye ikaibuliwa, nasi tunaijua kwa jina la MV Liemba.

Huku kwetu, katikati ya zogo hilo la wakubwa, mamlaka ya nyumbani nayo yalikuwa yakipindishwa. Wazanaki kwa asili hawakuwa na mtawala mmoja wa nchi nzima. Mambo yaliamuliwa na wazee, na marika, na wenye uwezo wa mvua. Mtawala mgeni hawezi kufanya kazi na baraza la namna hiyo. Anataka mtu mmoja wa kumwita, wa kumtuma, na wa kumlaumu. Mwaka 1915, vita vikiwa vimepamba moto, Wajerumani walimsimika Nyerere Burito kuwa chifu Butiama. Waingereza walipochukua nchi, wakamwacha kwenye kiti. Mwanawe Julius alizaliwa Aprili 13, 1922, akakulia katika boma la baba aliyepewa cheo na dola moja na kuthibitishwa na dola nyingine, bila wananchi wa Butiama kupigiwa hodi na yeyote kati ya hizo mbili.

Kisa cha Ikoma ndicho kilichonitoa nyumbani.

Mwanzoni mwa mwaka 1917 Wajerumani walikuwa wamesukumwa kusini, chakula kimekwisha, vikosi vimetawanyika. Kapteni Max Wintgens, aliyepigana Rwanda na kisha Tabora, alijitenga na wenzake wa jeshi la magharibi mwezi Februari, akageuza uso kaskazini na askari wake mia kadhaa. Hakuwa na amri ya Lettow-Vorbeck. Hakuomba hata. Kule kusini hakukuwa na cha kula, na askari wake wengi walikuwa watu wa Unyamwezi na Usukuma: njia ya kaskazini ilikuwa njia ya nyumbani. Nadhani hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Vitabu husema Wintgens aliongoza. Nikiwafikiria wale askari, wamechoka, hawajalipwa, wakinusa upepo wa kwao, najiuliza nani alikuwa akimwongoza nani.

Mei Wintgens akaugua vibaya, akajisalimisha kwa Wabelgiji. Kikosi kikashikwa na Luteni Heinrich Naumann. Huyu hakusimama. Alivuka Reli ya Kati mashariki ya Tabora mwishoni mwa Mei, akapita Mkalama, akapanda nyika mpaka kwenye boma la Ikoma, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Serengeti. Boma lile lilijengwa na Wajerumani enzi zao za nguvu, mawe juu ya kilima, nyika imetandikwa chini yake na nyumbu wakipita kwa msimu. Mwaka mmoja kabla wenyeji walikuwa wameambiwa Mjerumani ameondoka. Sasa amerudi, ana njaa, ana bunduki, na nyuma yake wanakuja Mwingereza na Mbelgiji.

Mwishoni mwa Juni 1917 Wabelgiji chini ya Meja Larsen wakalishambulia boma, wakapigwa, wakapoteza watu wengi. Waingereza walikuwa karibu, lakini majeshi mawili yenye wakubwa wawili hayakuweza kubana mlango mmoja. Naumann akapenya, akatoweka tena kusini. Alizunguka miezi mitatu mingine, akaivamia reli karibu na Kahe, mpaka alipozingirwa upande wa Kondoa na kujisalimisha mwanzoni mwa Oktoba kwa wanajeshi wa Cape Corps, Machotara wa Afrika Kusini. Maelfu ya askari na wapagazi walikuwa wamechoshwa kumkimbiza luteni mmoja aliyerithi uasi wa kapteni wake. Lettow-Vorbeck mwenyewe, baada ya vita, aliwasifu kwa ujasiri na kusikitika kwamba walikwenda mbali mno na vita vyake wasimsaidie. Kuhusu ghala za watu wa Ikoma zilizofagiliwa na pande tatu kwa mwezi mmoja, hakuwa na la kusema.

Amri ilishuka vipi kutoka kwa watu hawa mpaka kwa askari wa mstari? Schutztruppe ilikuwa na ngazi zake za Waafrika, majina yaliyotoka katika jeshi la Misri: ombasha, shaushi, betshaushi, soli, na juu kabisa efendi. Mzungu alitoa neno. Shaushi ndiye aliyeligeuza kuwa miguu inayotembea. Penye ukaidi kulikuwa na hamsa ishirini, viboko 25, neno lililobaki kwenye Kiswahili muda mrefu baada ya wachapaji kuondoka. Askari alikuwa na mshahara unaomzidi mkulima mara nyingi, alikuwa na mke msafarani, alikuwa na kijana wa kumbebea. Ndivyo utii ulivyonunuliwa. Pesa zilipokwisha, aliandikiwa ahadi kwenye karatasi.

Mpagazi hakuwa na ahadi ya namna hiyo. Upande wa Waingereza walikusanywa na Carrier Corps, jina lililozaa Kariakoo zetu, chini ya Oscar Watkins. Ndani ya jeshi Watkins alikuwa na ugomvi wake wa amri: maofisa wa vikosi walijichukulia wapagazi wapendavyo, wakawapitisha baridi na kuhara damu kwa posho isiyopikika vizuri njiani, naye akidai wahesabiwe, walishwe, walipwe. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe walikufa zaidi ya 95,000. Mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia jamaa zao, kwa kisingizio kwamba wenyewe hawakuonekana kuidai.

Novemba 25, 1918, Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kumaliza. Alikuwa na askari zaidi ya 1,100. Schnee alikuwepo pia. Alikuwa ametembea na jeshi miaka yote hiyo, mpaka Msumbiji na kurudi, gavana asiye na koloni akiufuata msafara wa mtu ambaye yeye ndiye aliyepaswa kumpa amri.

Askari wakapewa vyeti vya madai yao. Miaka 46 ikapita. Mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliamua walipwe waliobaki hai. Ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza, kando ya Ziwa hilihili. Wazee kama 350 wakafika, wengine wamevaa mabaki ya sare, wachache sana wakiwa na cheti mkononi. Inasimuliwa kwamba mhasibu Mjerumani alipokosa namna ya kuwatambua, aliwaita mmoja mmoja, akampa kila mzee ufagio badala ya bunduki, akamtolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea. Mgongo ulinyooka, ufagio ukapanda begani, ukashuka, visigino vikagongana.

Nawaza kuhusu mzee mwingine, aliyesimama labda ng'ambo ya barabara siku hiyo akitazama. Yeye alibeba sanduku la risasi la mmoja wa askari wale kutoka Ziwani hadi Rufiji. Hakufundishwa gwaride. Amri aliyopewa ilikuwa moja tu, inua, na hiyo hakuna aliyemwita aje kuionyesha.

Jioni nilirudi Mwigobero. Mtumbwi wa Kinesi ulikuwa umesharejea, umefungwa kwenye jiwe, injini imefunikwa kwa turubai. Mifuko sita ya saruji ilikuwa bado kivulini, inasubiri safari ya kesho.